Niliomba pasipoti mpya ya Kenya nikiwa Dubai, faili langu mwenyewe likanichoma

Wakuu, salamu kutoka Deira.

Mimi humu huwa nasoma tu. Kila nikiandika comment naifuta mara sita. Leo nimejilazimisha, na ninayoyasimulia yamenipata mwenyewe. Majina tu ndiyo nimebadilisha, kwa sababu bado nataka kuishi na hawa watu.

Nina uraia wa nchi mbili, Kenya na Uganda. Mama ni Mkenya wa Busia. Baba ni Mganda wa Busia ile nyingine, ng'ambo ya geti la mpakani. Karatasi zote ninazo, ni halali kabisa.

Shida haikuwa sheria. Shida ilikuwa mimi.

Niliingia hapa kwa pasipoti ya Kenya, na visa ya kazi ikatoka kwa hiyo. Nikapata kitanda kwenye flat ya Wakenya Al Muraqqabat, chumba kimoja watu sita. Pale mimi ni Mkenya.

Lakini kwenye kampuni ya ulinzi karibu kila mtu ni Mganda, kuanzia supervisor wetu, Afande Ssali. Nikasikia walinzi wakinong'ona kwamba Afande huwapa wa kwao zamu za ndani kwenye AC, wengine wanaungua parking.

Basi siku moja nikasahau pasipoti yangu ya Uganda juu ya meza yake. Nilisahau kwa makusudi, mnanielewa.

Wiki iliyofuata nikapangiwa lobby. Tangu siku hiyo, kazini nikawa Mganda.

Nimeishi hivyo miaka miwili, wakuu. Off day nikialikwa Muhaisnah, wanakolala wenzangu wa kampuni, nakula matoke na mchuzi wa karanga huku nawacheka Wakenya. Nikirudi flat nakula ugali na sukuma huku nawacheka Waganda. Timu ya Wakenya na ya Waganda zikikutana uwanjani, mguu wangu unateguka, sichezi. Uliteguka mara nne. Niliandika kwenye simu ni mguu upi, nisije nikachechemea mwingine.

Sasa tuje kwenye pasipoti.

Hoteli moja ilinikubali front office. Kompyuta nimejifunza mwenyewe kwa video za bure, na kuongea na wageni nimejifunza nikiwa nimesimama mlangoni, nawasikiliza receptionist. Hiyo nafasi nilikuwa naiota. Ila HR akaniambia pasipoti yenye chini ya miezi sita hawawezi kuiombea visa. Yangu ilibakiza mitano. Akasema atanisubiri wiki chache, zikipita anampa mtu mwingine.

Nikafungua fomu. Kuna swali: je, una uraia wa nchi nyingine?

Nilikaa na hilo swali siku tatu. Kwa mdomo naweza kudanganya, mmeshaona. Kwenye karatasi siwezi. Na sheria inataka useme. Nikaweka tiki: ndiyo, Uganda.

Halafu nikafika sehemu ya Mkenya anayekufahamu, athibitishe na asaini.

Wa kunisainia alikuwa mmoja tu, yule wa flat aliyenijua tangu nifike. Kipruto, barista, tunamwita Chairman. Ndiye anayepanga zamu za kupika na za bafu, na ndiye bingwa wa vichekesho vya Waganda. Mpango wangu ulikuwa kumvizia akikimbilia kazini, nimpe ukurasa ule mmoja tu na kalamu ikiwa tayari imefunguliwa.

Ungefanikiwa kama ningekuwa mtu mzembe.

Lakini mimi nilitengeneza faili. Kila karatasi kwenye plastiki yake, vibandiko vya rangi pembeni, na mwanzoni kabisa, wakuu, niliweka ukurasa wa yaliyomo. Nimeyachapa, yana mistari.

Jumapili mchana namvizia Chairman, kumbe zamu yake imebadilishwa, hana haraka yoyote. Anakunywa chai.

"Leta faili yote," akasema. "Mimi sisaini kitu kama kondoo."

Akaanza kusoma kwa sauti. "A, fomu. B, kitambulisho. C, pasipoti ya Kenya." Akainua karatasi. "D ni nini hii?"

"D haikuhusu, Chairman."

"D inasema pasipoti ya Uganda."

Nikamwambia ni ya rafiki. Akafunua mpaka kwenye kibandiko cha manjano, akaitazama picha, akanitazama mimi.

"Huyu rafiki mmeazimana hadi masikio?"

Akaita flat nzima. "Wazee, kujeni! Kumbe tunalala na balozi!"

"Ndiyo maana mguu huumia tukicheza na Waganda!" Mwangi akapiga kelele kutoka kitanda cha juu. Mwingine akauliza kama sufuria iliyopotea iko Kampala. Walinicheka hadi jirani Mhindi akagonga ukuta.

Kisha Chairman akaacha kucheka.

"Hapa naambiwa nithibitishe nakujua. Nakujua?"

Nikanyoosha kibandiko kilichokunjika.

"Miaka mbili nakupikia. Nakujua?"

Nikamwambia ukweli, kwamba niliogopa angenifukuza.

"Nikufukuze kwa nini? Shangazi yangu ameolewa Mbale. Uganda si shida. Shida ni umeniacha nitukane Waganda mbele yako, na wewe ndiye unacheka kuliko sisi wote."

Hapo niliangalia chini, wakuu.

Akasukuma faili upande wangu. "Enda umwambie boss wako pia. Sisaini nakujua wakati kule wanajua mtu mwingine."

Appointment ya ubalozi ilikuwa Jumanne. Bila sahihi hakuna maombi, na bila maombi hakuna hoteli. Na Afande akikasirika, narudi parking nikiwa nimekosa huku na huku.

Jumatatu asubuhi nikasimama mbele ya meza yake. Nilikuwa nimeandika hotuba. Nikaisahau yote.

"Afande, mimi ni Mkenya. Nusu."

Akaendelea kutafuna chapati. Akavuta droo, akatoa kopi ya Emirates ID yangu, kitambulisho cha huku. Uraia: Kenya. Ilikuwa mle tangu siku ya kwanza.

"Ssebo, roster naandika kutoka hapa. Banange, jamani! Ulidhani nilikupokea kwa kuangalia meno?"

"Lakini lobby, Afande..."

"Lobby nilikupa kwa sababu ripoti yako ndiyo inasomeka. Hawa wengine wanaandika kama kuku amepita kwa wino."

Nikauliza kwa sauti ndogo, na ile pasipoti niliyoacha mezani?

"Nilikurudishia, si ndiyo? Miaka hii yote nasema, kijana mzuri, lakini anasahausahau vitu."

Wakuu, hilo liliniuma kuliko yote. Mimi! Msahaulifu!

Jioni nikamweleza Chairman. Alicheka hadi akamwaga chai, halafu akachukua kalamu. Kwenye fomu wanauliza umemfahamu mwombaji kwa muda gani. Akaandika miaka miwili, akasaini, akanirudishia.

"Hapo nimedanganya serikali," akasema. "Nimekujua jana."

Jumanne, dirishani, mama mmoja wa ubalozi alichomoa karatasi alizohitaji, akanirudishia ule ukurasa wa yaliyomo na nusu ya plastiki zangu.

"Una uraia mwingine?"

"Ndiyo. Uganda."

"Sawa. Angalia kamera."

Ikaishia hapo. Aliuliza bila hata kuinua kichwa, kitu nilichokificha kwa miguu minne iliyoteguka.

Pasipoti ilikuja HR akiwa bado ananisubiri. Hii naiandika saa ya lunch, nyuma ya front office.

Nilichojifunza: mwenye uraia wa nchi mbili, anza kurenew mapema, usisubiri ibakize miezi mitano. Andika uraia wote kwenye fomu. Na waambie unaokula nao kabla fomu haijawaambia, kwa sababu uraia wangu haukumuudhi mtu yeyote. Kicheko changu ndicho kilichowaudhi.

Wenye pasipoti mbili mlioko Gulf, nyie mliwaambia lini wenzenu, na walisemaje? Wanaotaka kunitukana nao nafasi ipo, ila pangeni foleni. Flat yangu wako mbele yenu.