Kichwa kwa Kichwa, Mara Tatu

Binti yangu Élodie ana miaka kumi na mitatu. Hucheka kabla hujamaliza kusema, na akitoka masomoni huku kwetu Kadutu, namjua kwa sauti kabla sijamwona.

Mwaka huu walimu walikuta pombe kali katika mkoba wa rafiki yake Micheline, vile vichupa vya plastiki vinavyofichika kiganjani. Tangu siku hiyo, Élodie akirudi, namsalimu jinsi tunavyosalimiana sisi, kichwa kwa kichwa mara tatu, na kila mara navuta pumzi.

Jioni moja alirudisha kichwa nyuma.

"Maman, unanisalimia ao unaninusa?"

Baba yake, Modeste, fundi wa viti, alicheka mpaka akaweka randa chini. Mimi sikucheka. Tangu hapo Élodie akawa anapitia mlango wa jikoni, anatupa "bonsoir" kwa mbali kama mgeni.

Nilimwambia Modeste ambane kwa maswali. Yeye hambani. Humpa msasa wasugue mguu wa kiti pamoja, na mtoto huropoka habari zote za shule bila kuulizwa.

"Mutoto akiogopa pua yako, atakula bonbon ya menthe afiche harufu," aliniambia. "Wewe utanusa menthe na kushukuru Mungu."

Jumamosi Élodie akaomba kwenda kwa Micheline, kwenye sikukuu yake ya kuzaliwa. Nilitaka kukataa. Modeste akamwambia aende, arudi jua likiwapo, halafu atueleze ilivyokuwa. Mchana kutwa nilichambua maharagwe ambayo nilikuwa nimekwisha kuyachambua.

Alirudi mapema. Hakupitia jikoni. Alikuja moja kwa moja, akaegemeza kichwa chake kwenye changu, akakiacha hapo. Nikaisikia harufu ya pombe.

"Nimeonja, maman. Kidogo. Nikatema."

Maneno makali yalinijaa kinywani. Lakini kichwa chake kilikuwa bado kwenye changu. Nikaufikiria ule mlango wa jikoni.

"Ilikuchoma?" nikamwuliza.

"Hapa." Akagusa koo. "Wakaniita bébé."

"Wewe iko bébé yangu. Wao wanajuaje?"

Akacheka kidogo, na machozi humohumo. Kisha akataka kuondoa kichwa. Nikamshika shavu.

"Bado mara mbili," nikasema.

Akaleta upande wa kulia, halafu wa kushoto. Safari hii nilibana pumzi.