Tatu ya Sista Mkuu

Kwa miaka thelathini na mmoja, sista mkuu wa wodi ya mifupa aliwauliza wagonjwa wake swali lilelile kila asubuhi: "Kutoka sifuri hadi kumi, maumivu yako ni ngapi?" Mgonjwa akisema saba, aliandika tatu, namba isiyopewa dawa kali. Akisema tisa, aliandika tatu. Akilia, sista alipiga moyo konde kwa niaba yake, akaandika tatu. Faili zilipendeza kweli. Wakubwa walipokuja kukagua walikuta wodi haina mtu anayeumwa, wakampa cheti, na mpaka leo kinaning'inia sebuleni kwake. Wafanyakazi walimwita Mama Tatu, akiwapa kisogo.

Akastaafu. Goti la kulia nalo likastaafu, akarudi wodi ileile kuwekewa jipya.

Siku ya kwanza alijikaza kisabuni. Ya pili, ganzi ilipoisha, alikiona cha mtema kuni. Shuka lililowa jasho. Na saa nne mtaalamu wa mazoezi angekuja kulikunja goti. Alishamwambia bila kumung'unya maneno: lisipokunjwa siku hizi za mwanzo litakakamaa, na atachechemea maisha yake yote. Bila dawa, hata kuligusa asingethubutu.

Akaja muuguzi kijana na faili. Sista ndiye aliyemfundisha kazi.

"Shikamoo, sista. Maumivu ni ngapi?"

"Tisa, mwanangu. Tisa!"

Binti akaandika. Sista akavuta shingo kuchungulia. Tatu.

"We! Nimesema tisa!"

"Si wewe uliyetufundisha, sista? Anayeweza kuhesabu haumwi sana."

Maneno yalikuwa yake, hata ile sauti ya puani ilikuwa yake. Aibu ikamshika vibaya. Kumbe wale wote wa saba na wa tisa walikuwa wanasema kweli, maskini.

"Niliwafundisha uongo," akasema, machozi yakimtiririka. "Miaka yote hiyo. Nipe dawa, mama, nakuomba."

Binti akamkodolea macho, akaikata ile tatu, akampa vidonge viwili na maji. Kisha akageukia kitanda cha jirani, alipolala bibi mmoja mwenye bandeji gotini. Goti lake la kwanza lilipasuliwa humohumo, enzi za sista.

"Na wewe, bibi?"

Bibi akamtupia sista jicho la woga. "Tatu," akanong'ona.

"Anadanganya huyo," sista akasema. "Mwandikie nane."