Taa Juu ya Bwawa

Mama Samaki alifuga vifaranga wa samaki katika bwawa nyuma ya nyumba, na siku hizo alihangaika kama kuku anayetaka kutaga, maana vifaranga walizidi kupungua. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema, akamshuku shemeji yake wa jirani. Akatundika taa juu ya bwawa ili amnase.

"Shemeji, taa hiyo ndiyo inayokuongezea wezi," yule bwana alimwambia.

"Mwizi gani anapenda mwanga?" akamfokea mbele ya watu, akimwita mwizi.

Vifaranga wakapungua kwa kasi zaidi, karibu kwisha. Asubuhi akachota maji chini ya taa. Ndoo ilijaa mbawakawa wa maji, wadudu walioruka usiku kufuata mwanga. Mmoja alimkumbatia kifaranga, akimtafuna hai.

Akakimbilia kwa shemeji kumwomba radhi. Yule bwana alikuwa ameshahama.