Mzungu wa Bwawa na Usipa wa Mama

Mpaka leo nikisikia harufu ya klorini natema mate chini. Watu hudhani nina mimba, wengine hudhani nina kisirani. Nina kinyaa tu, na kinyaa hiki nilikipata kazini.

Yule Mwingereza alifika kijijini kwetu, huku chini ziwani, baada ya lami ya kutoka Mbinga kukamilika. Akajenga hoteli, akachimba bwawa la kuogelea hatua ishirini kutoka Ziwa Nyasa. Hebu fikiria! Ziwa lote lile, maji unasimama ndani na kuona vidole vyako vya miguu, halafu mtu anachimba shimo, analipaka rangi ya buluu, analijaza maji ya dawa. Bibi mmoja jirani yetu alipoliona aliuliza kama ni josho la ng'ombe.

Wageni walilipenda josho hilo. Walitoka Songea, Dar es Salaam, wengine Ulaya, wakajilaza kando yake wameligeuzia ziwa mgongo. Mwenyewe alizunguka katikati yao kifua wazi, tumbo limeiva kwa jua, akisimulia maisha yake. Niliyasikia mara nyingi hadi nikayajua kama sala. Shule ilimshinda mapema. Akauza chipsi kwenye ufuko wa kwao, ambako alisema mvua hainyeshi ikaisha. Kutoka chipsi akaingia kwenye mashine za kamari, kutoka kamari akaingia kwenye vigari vya watoto vya kugongana, baadaye mabwawa na mitelezo ya maji katika miji mitatu. Kila mara alimalizia kwa kujipiga kifua: "Mimi hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu."

Hakuna aliyempa kitu! Hapohapo aliposimama alipewa na ukoo wa mama yangu. Kwetu mtu akija akasema anatafuta mahali pa kukaa, wazee hawamwulizi atakaa mpaka lini, maana kuuliza hivyo ni kumfukuza. Wanamwonyesha sehemu, anakaa. Siku akiondoka, mahali panarudi kwa wenyewe. Wavuvi wangapi waliohamia wamepokewa hivyo. Wajomba zangu wakamwonyesha Mwingereza ufuko wetu kwa mtindo huohuo, na alipotoa karatasi wakapiga dole gumba kwa adabu tu, kama unavyosaini kitabu cha wageni msibani. Karatasi ile haikuwa na neno la kurudi. Nani mwingine angekosea namna hiyo kama si sisi?

Mama alikuwa na chanja zake palepale, anaanika usipa, hawa dagaa wetu wa ziwani. Mzungu akasema harufu inawafukuza wateja. Mama akahamisha chanja hadi nyuma ya mawe meusi, kwenye kighuba ambako maji hutulia. Mimi nilikasirika kuliko yeye. Akaniambia, "Mgeni ana pua yake, mwanangu. Tumwache." Na bado msimu ukianza alimpelekea ungo wa usipa wa kwanza, ameufunika kwa khanga safi. Ndiyo desturi. Usipa wa kwanza hauuzwi, unampelekea mgeni anayekaa karibu nawe. Bwana yule aliupokea kwa vidole viwili.

Lazima nieleze jina la mama yangu lilikuwa kitu gani. Usipa wake hauna mchanga. Kule sokoni Mbinga, akina mama waliotoka kijiji cha Ukata na mahindi yao walikuwa wanauliza kwanza, "Yule mama wa usipa msafi kafika?" Wakiambiwa bado, walisubiri. Alikuwa mjane, amenisomesha sekondari ya Kigonsera kwa ungo huohuo, na hakuwa na kitu kingine cha kujivunia duniani zaidi ya watu kusema samaki wake ni safi.

Kiingereza cha Kigonsera ndicho kilichonipatia kazi kwa Mzungu. Nilikuwa msimamizi wa usafi na mkalimani wake. Nilivaa fulana nyeupe yenye picha ya ndege mwekundu ambaye ziwani kwetu hayupo, nikahamia chumba cha wafanyakazi, nikajiona nimefika.

Sasa, karo la vyoo vya hoteli lilichimbwa juu ya mwamba. Halikwenda chini. Wageni walipoongezeka likawa linafurika kila wiki, na gari la kunyonya maji machafu lilitakiwa litoke Songea. Mzungu alichoka kusubiri. Akamwita fundi bomba, wakafukia bomba chini ya mchanga, likapita nyuma ya jiko, likatokea chini ya maji. Nyuma ya mawe meusi! Nilisimama pale na fulana yangu nikaangalia. Akaniambia ziwa ni kubwa, litameza. Akaniambia mimi ni binti mwenye akili, na jambo hili ni letu sisi wa hotelini.

Nikanyamaza. Neno hilo ninaliandika hivyo kwa sababu sina namna nzuri ya kuliandika. Masika watoto wakaanza kuharisha kijijini, hata wa dada yangu waliokaa kwa mama, watu wakasema ni mvua. Na mimi nikasema ni mvua.

Pasaka ile hoteli ilijaa. Mama akaleta ungo wake, usipa mbichi wa asubuhi. Mzungu akaamua kuwafurahisha wageni kwa chakula cha asili: mpishi aukaushe kidogo tu juu ya moto, aukamulie limao. Ukaliwa nusu mbichi, watu wanapiga picha, wanalamba vidole. Kesho yake, jamani! Vyoo havikutosha. Watu wazima walikimbia wamejishika matako. Mmoja alitapika ndani ya lile bwawa la buluu, matapishi yakaelea kuelekea kwa wenzake, na mimi ndiye niliyeitwa na wavu niyaopoe.

Wageni wa siku hizi wana simu. Kabla hawajapona picha zilikuwa zimeshafika Ulaya. Waliopanga kuja wakaghairi, vyumba vikakaa vitupu, mtelezo wa maji aliouweka bwawani ukakauka. Mzungu alikonda kwa wiki tatu. Hakuwahi hata siku moja kutazama kule lilikofukiwa bomba lake. Alitafuta mtu, na mtu alikuwa karibu.

Akaomba kikao ofisi ya kijiji. Alikuwepo mtendaji, bwana afya, wajomba zangu, na kijiji chote kimebanana madirishani. Mama aliketi mbele, kavaa nguo yake ya kanisani. Mzungu akasimama akazungumza kwa Kiingereza, akamnyooshea kidole, halafu akanigeukia mimi nitafsiri.

Nikatafsiri. "Anasema mama huyu ni mchafu. Anasema amemletea samaki waliooza, na amewatia sumu wageni wake."

Mama huyu. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo huu.

Watu waliguna. Mama akasimama taratibu, akanitazama mimi, si yule bwana. "Mwambie nimeosha samaki tangu sijaolewa. Mwambie usipa wake niliuosha mara tatu, kwa maji yaleyale ya nyuma ya mawe tunayokunywa nyumbani."

Sikutafsiri. Nilimgeukia mtendaji nikasema habari ya bomba, yote, kwa Kiswahili, huku Mzungu akiuliza, "Umesema nini? Umesema nini?" Bwana afya alichukua jembe. Kijiji kikamfuata. Hawakuchimba hata dakika kumi. Sina haja ya kueleza kilichotoka, ila mjomba wangu mkubwa alivua kofia akaziba nayo pua.

Hoteli ilifungwa. Mzungu akala kona asubuhi moja na gari lake, hakumuaga hata mlinzi. Wafanyakazi wenzangu walisema mabwawa yake ya kwao nayo yalikuwa yameshachukuliwa na wanaomdai, na kwamba huku kwetu ndiko alikokuwa amebakiza. Sikumhurumia. Alituachia shimo la maji ya kijani yenye ute, vyura wanataga humo.

Ila jina la mama halikusafishwa na bwana afya. Kule Mbinga habari ilipanda mlima ikiwa nusu: kwamba usipa wa nyuma ya mawe una kinyesi. Mama alipanda sokoni mara mbili, mara mbili akarudi na magunia yake yote.

Nilikwenda kwake Jumapili. Nilikuwa nimejiandaa kushukuriwa, mpumbavu mimi, kwa kuwa nilisema ukweli mbele za watu. Nilimkuta jikoni anachambua maharage. Nikamwamkia, akaitikia. Akauliza bila kuinua macho, "Lile bomba liliwekwa lini?"

"Kabla ya Krismasi, mama."

Akatupa jiwe moja nje ya sinia. "Tangu Krismasi ulisema samaki wanakuchoma tumbo."

Akachomoa jiwe lingine.

"Kila ulipokuja nilikupikia maharage yako peke yako," alisema. "Mimi na watoto wa dada yako tukawa tunakula samaki, na wewe umekaa hapo unatutazama."