Shati la Mhandisi na Waya wa Kreni ya Pili

Sidi Changawa hupanda kreni na vitu vitatu mfukoni: bonge la pamba, kipande cha chaki na karanga za kukaanga. Pamba na chaki ni za kazi. Karanga ni za kumtupia Kefa, dereva wa kreni ya pili, ambaye kwa miaka tisa sasa anaamini kwamba kunguru wa Changamwe wana tabia ya kuangusha karanga juu ya paa la kibanda chake.

"Leo tena wameniangushia," Kefa huja kuniambia stoo.

"Zilikuwa na chumvi?"

"Zilikuwa nayo. Kwani wewe umejuaje?"

Mimi ni karani wa stoo katika yadi hiyo ya makontena. Mengi ya haya niliyaona mwenyewe nikayaandika siku ile ile. Yaliyotokea nyumbani kwa Sidi, Magongo, nimeyapata kwake na kwa jirani yake Agneta, na pale walipotofautiana nimefuata la Agneta.

Sidi ana miaka hamsini na miwili, mzaliwa wa Kaloleni. Aliajiriwa kupiga deki kantini. Mwaka wa 2009 mwanamume aliyekuwa akifuta grisi kwenye nyaya za kreni alikataa kupanda kwa kuwa mvua ilinyesha, na fomeni, kwa hasira, akasema hata yule mama wa kantini angeweza. Sidi akavua ndara, akapanda na kitambaa chake cha kufutia meza. Alipofika kati ya waya, kitambaa kikagoma kusogea. Akakivuta, kikachanika. Fomeni alicheka, kisha akapanda kutazama, kisha akaacha kucheka na kuisimamisha kreni. Sidi hakurudi kantini.

Waya wa kreni ni nyuzi za chuma zilizosokotwa zikawa pote, na mapote manane yakasokotwa tena kuuzunguka moyo mmoja. Uzi mmoja ukikatika huchomoza kama mwiba wa samaki, lakini grisi huufunika na jicho halioni. Pamba ikipitishwa hapo hunaswa. Sidi huhesabu inanaswa mara ngapi katika urefu wa mkono mmoja, hutia alama kwa chaki, huandika. Nyuzi zilizokatika zikizidi kiwango, hutundika kadi nyekundu kwenye kibanda cha dereva, na kreni haiinui hata ndoo.

Chaki ina matumizi mengine pia. Juu kabisa ya kreni ya pili, kando ya kapi ambamo waya hupita, kuna ubao mpana wa chuma usiofikiwa na mvua, na hapo Sidi amemchora kila mhandisi aliyewahi kutusimamia. Wako wanne. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona picha yake, kwa sababu wahandisi wetu hawapandi.

Wa nne ni Bramwel, kijana wa bara mwenye miaka thelathini na minne na mashati meupe yasiyo na kunyanzi. Alikuja Februari. Wiki ya kwanza alitangaza kwamba atapanda kila kreni yeye mwenyewe. Akapanda mpaka kituo cha kwanza cha ngazi, akatoa simu, akaiweka sikioni, akasema "Ndiyo, ndiyo, nakuja sasa hivi," akashuka. Mara ya pili ikawa vile vile, na ya tatu. Simu hiyo hakuna aliyewahi kuisikia ikilia. Katika picha ya Sidi, Bramwel ana masikio makubwa kama mabawa ya popo, na simu kwenye moja.

Ijumaa moja ya mwezi wa Mei, saa nne na dakika kumi, Sidi alitundika kadi nyekundu kwenye kreni ya pili. Saa nne na nusu aliitwa ofisini. Mlango ulikuwa wazi na meza yangu iko karibu.

"Mama, waya huu una miezi kumi na minne tu," alisema Bramwel. "Nimeuangalia. Unang'aa."

"Umeuangalia ukiwa wapi, bosi?"

"Chini."

"Hata mwezi nikiutazama kutoka chini naona unang'aa. Pamba imenaswa mara kumi na moja, pale unapolala juu ya kapi. Nimeandika."

"Kuandika ni rahisi. Mimi nimesikia mambo mengine. Nimesikia Magongo yote mnaanika nguo kwa nyaya za yadi hii. Sasa niambie, wewe ukikataa waya, ule waya unaenda wapi? Si kwenu?"

Hapa lazima nieleze desturi yetu. Kila baada ya miezi kadhaa waya husogezwa: mita chache za mwisho hukatwa, ili mahali panapopinda kwenye kapi pasiwe pale pale siku zote. Mita hizo huwa nzima kabisa, kwa kuwa zimekaa zimejikunja kwenye pipa la chuma la kuzungushia waya bila kupita kwenye kapi hata siku moja. Wafanyakazi hupewa kwa kibali, husokotoa pote moja moja, na kamba nyingi za kuanikia nguo huko Magongo zilitoka huko. Waya uliokataliwa ni jambo jingine. Huo hukatwakatwa ukaenda kwenye vyuma chakavu.

Sidi alijaribu kumweleza. Bramwel akainua mkono.

"Kesho nakuja kwako nijionee. Nikikuta kilichosemwa, Jumatatu saa mbili kadi inatoka, kreni inafanya kazi, na wewe unaenda getini kuhesabu makufuli."

Sidi alitoka ameshika bonge lake la pamba. Makufuli hayakumsumbua sana, aliniambia, ingawa miaka yote ile juu ya nyaya si kitu cha kuacha getini. Kilichomsumbua ni kwamba Jumatatu Kefa angeinua tani thelathini kwa waya ule, na malori yakiwa yamepanga foleni chini yake. Siku hiyo hakumtupia Kefa kitu. Karanga alirudi nazo nyumbani.

Jumamosi saa tatu asubuhi Bramwel akabisha hodi. Sidi alikuwa uani na Agneta, wanafua.

"Hodi hapa!"

"Karibu. Ndiyo basi? Huku kwetu mdogo humwamkia mkubwa."

"Ee... shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sasa ndiyo umefika. Keti."

"Sikuja kuketi. Nimekuja kuhesabu."

"Hesabu umeketi. Kamba hazikimbii."

Akahesabu akiwa amesimama, akipiga picha. Kwenye ua wa Sidi na nyua za jirani alipata kamba kumi na saba, zote za chuma, zote zimebeba nguo. Alipomaliza alikuwa anatabasamu kama mtu aliyemkuta panya ndani ya chungu. Hapo ndipo akakubali kuketi, na Agneta akamletea mahamri na bakuli la mbaazi za nazi.

Kuhusu kilichofuata, Sidi huapa kwamba mkono uliteleza. Agneta husema bakuli lilikuwa limetulia kabisa mezani mpaka kiwiko cha Sidi kilipolifuata.

"Shati langu!"

"Haki, pole bosi! Vua haraka, nazi ikikauka haitoki. Agneta, mletee leso."

Dakika tano baadaye mhandisi wetu alikuwa ameketi kwenye kigoda, amejitanda leso nyekundu yenye maua ya korosho, na Agneta anasugua shati kwenye karai. Sidi akalikamua, akalikung'uta.

"Nikuanikie wapi? Hizi za hapa ni mwisho wa waya, zile mita tunazokata. Kule bustanini, unaona ule uliofungwa kwenye nguzo? Ule ni kipande cha waya uliokataliwa, wa kreni ya nne. Nimeutoa grisi kwa mafuta ya taa."

Bramwel alitazama huku na kule. Ule wa bustanini ulikuwa unang'aa kuliko kamba zote.

"Mnanichezea. Zote ni sawa tu. Weka pale kwenye jua."

"Umechagua mwenyewe. Agneta, umesikia?"

"Nimesikia kwa masikio yote mawili."

Shati likaanikwa bustanini. Upepo ulikuwa mzuri, likapepea nusu saa. Bramwel, aliyekuwa amechoka kusalimiwa na wapita njia akiwa na leso, akaenda kulichukua mwenyewe. Akalivuta. Halikuja. Akalivuta kwa nguvu. Mlio wa kitambaa, asema Agneta, ulisikika mpaka barabarani. Mkono mmoja ulichanika kutoka kwapani hadi kwenye kifungo.

"Waya umenipasulia shati!"

"Pole sana. Lakini fikiria, bosi. Kama Magongo tungekuwa tunaanika kwa waya wa namna hii, si sote tungekuwa tunatembea na leso kama wewe?"

Bramwel akainama. Akapitisha kidole, akakiondoa upesi, akakinyonya. Akarudi kwenye zile kamba za uani, akapitisha kiganja kizima, kikaenda laini mpaka mwisho. Kisha uso ukambadilika.

"Ngoja kwanza. Waya uliokataliwa unatakiwa kwenda kwa vyuma chakavu. Hiki kipande kilitokaje getini?"

Agneta anasema hapo Bramwel alisimama wima kama mtu asiyevaa leso.

"Nakuuliza, mama! Huo ni wizi!"

Sidi aliingia ndani. Akatoka na mfuko wa plastiki anamoweka kitambulisho na kadi ya hospitali, akatoa karatasi, akamkabidhi kwa mikono miwili. Maneno yake nayajua, maana niliyaandika mimi: Sidi Changawa apewe kipande kimoja cha waya uliokataliwa wa kreni ya nne, mita kumi na mbili, kwa ajili ya kuwazuia mbuzi wa Bwana Fondo wasile sukuma wiki. Chini yake, sahihi ya mhandisi. Niliipeleka mezani kwake mwezi wa Machi pamoja na karatasi nyingine ishirini na moja. Alizitia sahihi zote kabla chai yake haijapoa.

Aliisoma mara tatu.

"Mbuzi?"

"Mbuzi. Tangu siku hiyo hawajarudi. Mmoja alijikuna pale, akaenda kuwaambia wenziwe."

"Na hii ni sahihi yangu?"

"Wino wa kijani. Yadi nzima mwenye kalamu ya kijani ni wewe peke yako."

Bramwel akaketi tena kwenye kigoda. Akala mahamri mawili yaliyobaki. Kisha akasema polepole, "Sawa. Hukatai waya ili uanike nguo. Hilo limeisha. Lakini kama waya wa kreni ya pili ni mbovu, bado sijui. Na safari hii sisaini kitu ambacho sijakisoma."

"Waya hausomwi ukiwa chini, bosi."

"Najua. Jumatatu napanda. Pamba isiponaswa, getini utaenda."

"Nitakwenda."

Akaondoka na jezi ya Thoya, mwana wa Sidi, ambayo ilimwishia kitovuni, na shati lake ndani ya karatasi.

Jumatatu saa mbili kasoro dakika tano alikuja stoo, akaweka simu yake mezani kwangu. "Nitunzie," alisema. Nilimwandikia stakabadhi. Akaisoma yote ndipo akaitia mfukoni.

Akatangulia kwenye ngazi, Sidi nyuma yake. Kituo cha kwanza alisimama, mkono ukaenda mfukoni, ukatoka mtupu. Akaendelea. Kefa na madereva wa malori walikuwa chini, vichwa juu. Walipofika katikati, Sidi akakumbuka ule ubao wa chuma.

"Bosi, turudi kidogo? Nimesahau pamba."

"Siihitaji," alisema Bramwel, bila kutazama chini. "Nimekuja na yangu."

Juu alipiga magoti kando ya kapi, akakamata chuma kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akatoa mfukoni mkono wa lile shati lililochanika. Akauzungusha kwenye waya, akauvuta. Ukanaswa. Akauachilia, akauvuta tena, akihesabu kwa sauti. Jasho lilimtoka mpaka kwenye kidevu, lakini hakuacha mpaka urefu wa mkono ukaisha.

"Kumi na tatu."

"Mimi niliandika kumi na moja."

"Mbili ziko upande wa chini. Ulizipita."

Sidi akajaribu mwenyewe. Zilikuwapo. "Shati lako ni bora kuliko pamba yangu," alisema.

Bramwel akatoa karatasi, akaisoma neno kwa neno huku upepo ukiipigapiga, kisha akaiweka juu ya goti, akaitia sahihi kwa kijani: waya ushushwe, ufungwe mpya, kadi nyekundu ibaki. Chini ya sahihi akaongeza mstari kwamba mkaguzi wa nyaya ni Sidi Changawa. Kisha akageuka ili ashuke, na akakutana na masikio yake.

Sidi alikuwa anahesabu makufuli kichwani.

Bramwel akawatazama wale wengine watatu kwanza, mmoja baada ya mwingine, kisha akarudi kwake mwenyewe.

"Masikio yangu si makubwa hivyo," alisema mwishowe.

"Chaki ilikuwa nene, bosi."

Akatazama tena. Kisha, huku amekamatia chuma, akanyoosha kile kipande cha shati, akaifuta simu. Simu tu. Masikio akayaacha.