Nilichomoa Seva, Kazi Ikaendelea

Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kabati, waya wa umeme wa seva mkononi, nasubiri kelele.

Kelele hazikuja.

Dakika tatu zilikuwa zimepita tangu niuchomoe. Taa zake zote zimezimika, feni imenyamaza. Kwenye karakana yetu, mtandao ukikatika hata nusu dakika utaitwa majina yako yote na ya ukoo wenu.

Nikaenda chumba cha plasta. Mzee Plasta, fundi wetu mkubwa, alikuwa mbele ya kompyuta yake, penseli sikioni, anasoma vipimo.

"Mzee, unaona kitu hapo?"

"Naona kila kitu. Kwani ulitaka nisione?"

"Seva nimeizima."

"Basi hongera, kijana wangu. Leo umeizima kistaarabu."

Akacheka.

Seva ya zamani imezimwa. Mpya iko mezani, bado inanukia boksi, sijaiunganisha. Sasa huyu mzee anasoma kutoka wapi?

Niwaeleze kidogo. Dada yangu ana karakana ya kutengeneza miguu ya bandia. Kila mgonjwa ana faili lake: vipimo, picha, wapi panabana, wapi palikwangua ngozi. Yote yalikaa kwenye seva moja iliyochoka, na kazi yangu ilikuwa kuyahamishia kwenye seva mpya bila kusimamisha kazi.

Sikusomea kompyuta. Nimejifunza kwa kuharibu na kutengeneza. Watu walimshauri dada atafute kampuni. Akawajibu, "Nina mdogo wangu. Ni mtaratibu, hakurupuki."

Na kweli sikukurupuka. Wiki nzima nilinakili mafaili kidogo kidogo. Nikayahesabu huku na huku, idadi ikalingana. Jumamosi ingebaki kuzima ya zamani na kuwasha mpya. Dakika ishirini tu.

Nilihesabu. Sikutazama tarehe. Lishikeni hilo.

Nikainama kwenye kompyuta ya Mzee nione mafaili yanatoka wapi. Hata sijagusa kitu, orodha yote ikapotea. Ukurasa mweupe.

"Ahaa," Mzee akasema bila wasiwasi, "saa saba hiyo."

"Saa saba ndiyo nini?"

"Kila Jumamosi saa saba mtandao unakata. Unarudi Jumatatu. Kwani hujui?"

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Nilidhani na wenyewe una wikendi."

Nilirudi mbio kwenye kabati, nikaiwasha seva ya zamani. Ikakohoa, ikaamka. Nikafungua faili la binti mmoja wa miaka tisa. Sisi tunamwita Kasi, maana tangu avae mguu wa kwanza hajawahi kutembea, yeye ni kukimbia tu. Jumatatu alikuwa anakuja kuvaa mguu mpya, ule wa zamani umeshakuwa mfupi.

Kipimo cha mwisho cha Kasi kilikuwa cha miezi minane nyuma.

Nikafungua faili jingine. Miezi minane. Jingine. Miezi minane.

Nikafungua nakala za akiba ninazochukua kila Ijumaa bila kukosa. Miezi minane. Kila Ijumaa nilikuwa nanakili kaburi.

Wagonjwa mia moja sitini na watatu walipimwa ndani ya miezi hiyo. Mifano yao ya plasta huvunjwa mguu ukishakamilika. Kuwapima upya ni kuwaita wote, na wengine husafiri siku mbili kwa mguu mmoja.

Dada akaingia. "Mdogo wangu, dakika ishirini zimeisha?"

Nilimweleza.

"Kasi anakuja Jumatatu," akasema polepole. "Nimwambie nini?"

Nikajiuliza, nani hapa huondoka Jumamosi saa saba kamili?

Mama wa mapokezi.

Nikampigia. Alikuwa barabarani.

"Mama, umezima kompyuta yako?"

"Nimezima. Si wewe uliyesema nikitoka nizime?"

"Kuna vipimo vya wagonjwa humo?"

"Jamani! Vyote vimo humo. Si ulinielekeza mwenyewe kwenye simu? Siku ile seva imegoma, wewe uko hospitali na mama yenu. Ukasema tufungue folda kwenye kompyuta yangu, wote wahifadhi humo. Nikaandika kabisa, karatasi iko chini ya kibodi."

Nikakimbia mapokezi, nikainua kibodi. Karatasi ilikuwepo, imeandikwa hatua moja moja, kwa utaratibu, vilevile ninavyopenda kuelekeza. Hatua ya mwisho ilipigiwa mstari mara mbili: KWA LEO TU. NITARUDISHA NIKIJA.

Dada aliichukua, akatazama tarehe.

"Hii ndiyo siku..."

"Ndiyo."

Siku ile jioni mama yetu alifariki. Niliporudi kazini wiki mbili baadaye, nilikuta seva imeamka yenyewe, watu wanafanya kazi, hakuna anayelalamika. Wala sikuuliza kitu. Nilishasahau kama niliwahi kupigiwa simu.

Nikabonyeza swichi ya kompyuta ya mapokezi.

Kimya.

Halafu, tak. Tak. Tak. Diski ilikuwa inagonga kama mtu aliyefungiwa ndani.

"Mama, hii sauti ni ya lini?" nikauliza, simu bado iko hewani.

"Ya mwezi uliopita. Nilidhani panya. Huwa naipiga kofi dogo inanyamaza."

Nilikaa chini sakafuni. Sioni aibu kusema, nilitamani kulia.

Mzee Plasta akasimama mlangoni, mikono meupe kwa unga. "Kijana wangu, imekufa?"

"Inakufa."

"Basi bado haijafa. Nyanyuka."

Nikaichomoa diski, nikaiunganisha kwenye seva mpya. Dada akaleta feni ya mezani ipulize juu yake. Kunakili yote kwa mkupuo kungeiua. Ilibidi faili moja moja. Nilijua haitafika mwisho bila kupumzika, na hakukuwa na ahadi kwamba ikipumzika itaamka.

"Tuanze na nani?" nikauliza.

Walitazamana.

"Kasi," wakasema pamoja.

Tak. Tak. Dakika nne nzima. Kisha jina lake likatokea upande wa pili. Nikafungua, na safari hii nikatazama tarehe kwanza. Ya mwezi huu. Mzee alinakili vipimo kwa penseli ukutani palepale, hakutaka hata kusubiri karatasi, akarudi kwenye plasta yake.

Tukaendelea. Dada anataja jina, mimi nanakili, yeye anaweka alama. Kufika saa kumi na moja jioni tulikuwa na arobaini na mmoja. Diski ilikuwa ya moto kiasi cha kutogusika. Nikaizima ipoe.

Wamebaki mia moja ishirini na wawili. Wako humo ndani ya kile kibati cha diski, juu ya meza, chini ya kitambaa safi alichotandika dada. Kesho asubuhi nitakiwasha tena. Sijui kama kitaitika.

Nilikuwa nimejiandaa kumlaumu Mzee kwa kunyamaza, na mama wa mapokezi kwa yale makofi. Lakini karatasi ile ina maneno yangu, si yao. Wao walitii tu, miezi minane.

Kama kuna mtu uliwahi kumwambia "kwa leo tu" kisha ukaondoka, mpigie sasa hivi. Huenda bado anakusubiri urudi.

Dada ameibandika ile karatasi kwenye seva mpya. Chini ya maneno yangu ameongeza neno moja kwa penseli ya Mzee: "Lini?"