Mahindi ya Ukungu Yalimchukua Joel, Mimi Nikabaki

Naitwa Mama Chebet, kutoka Olenguruone. Nimeombwa niwaambie nilivyougua. Nitawaambia yote, hata yale yanayoniuma.

Mimi na mume wangu Joel tulikuwa watu wa shamba. Mahindi yetu yalitutosha mwaka mzima. Msimu ule mvua haikutupa nafasi ya kuanika, tukayaingiza stoo yakiwa mabichi. Tulipofungua magunia, yalikuwa na ukungu wa kijani.

Joel akasema, "Haya tusile."

Nikamwambia, "Nitayachambua, niyaoshe. Moto utamaliza kilichobaki."

Alikula kwa sababu niliyapika mimi.

Binti yetu Chebet alikuwa shule ya bweni, Mungu akamwepusha. Baada ya wiki chache tulianza kutapika. Tumbo la Joel lilivimba, macho yakawa manjano. Mkojo wangu ulikuwa mweusi kama strungi, chai isiyo na maziwa, na ngozi iliniwasha nikajikuna hadi damu. Tulilazwa hospitali Nakuru, yeye wadi ya wanaume, mimi ya wanawake.

Daktari aliniuliza tulikula nini. Nilipomweleza, akasema polepole, "Mama, ukungu huacha sumu kwenye mahindi. Kupika hakuiondoi. Imeumiza ini."

Siku ya nne wifi yangu Rael alikuja, akaketi kitandani bila kunisalimia. Nikajua. Joel alizikwa mimi nikiwa bado kwa dripu.

Nilipona taratibu, miezi mingi. Rael ndiye aliyeniogesha na kuninywesha uji wa wimbi. Hakuwahi kunilaumu. Nilijilaumu mwenyewe.

Mwaka uliofuata, mwalimu wa kilimo alikuja kwa kikundi chetu cha akina mama na chupa ya mafuta ya mchaichai. Alisema wanayajaribu kwenye mahindi makavu yaliyofungwa ndani ya pipa, ili mvuke wake uzuie ukungu kumea.

Nikamuuliza, "Yangeweza kusafisha yale yetu?"

Akajibu, "Hapana, mama. Sumu ikishaingia, hayaitoi."

Nililia mbele ya wote. Hata hivyo nilijiunga na jaribio. Pipa moja lina mafuta, lingine halina, na kila mwezi mimi ndiye ninayekagua punje.

Namshukuru Mungu kwa uhai, na kwa Rael. Wenzangu, kausheni mahindi kwanza, mafuta ni ya baadaye. Yakishaota ukungu, msiwape hata kuku. Chimbeni shimo, myafukie. Yetu yaliyobaki niliyafukia mwenyewe, wakati bado nilikuwa natembea nikishika ukuta.